Menga na Kitako Alichokinyoosha

Jumatano hii, tarehe 4 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa watu wa baruti, fundi Domenica Cotelli anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya ukarabati wa bunduki kwa miaka arobaini na moja. Hapa bondeni hakuna anayemwita Domenica isipokuwa padri na daktari wa meno. Kwetu sisi ni Menga. Nimekaa benchi la jirani naye tangu mwaka 1988, yeye upande wa mbao, mimi upande wa mitambo, na ndiyo maana nimetwishwa kazi ya kuandika ukurasa huu wa ratiba ya chakula cha kumuaga. Wenzangu wote walidai hawajui kuandika. Waongo, lakini tuendelee.

Menga hakuja kwetu akiwa mbumbumbu. Alianza kuchonga mikato ya kushikia mkono kwenye vitako, ile mbao ya nyuma ya bunduki, akiwa bado shuleni, jikoni kwa mama yake, maana enzi zile nusu ya vitako vya bonde hili vilichongwa na wanawake juu ya meza za jikoni, katikati ya sufuria ya ugali wa polenta na madaftari ya watoto. Alipoajiriwa mwaka 1983 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa benchi ndani ya karakana. Marehemu Gervasio, msimamizi wetu wa wakati huo, alimpa benchi lililo mbali na jiko la kupasha moto, akidhani baridi itamrudisha kwa mama yake. Menga alivaa soksi mbili mbili akabaki. Kufika Pasaka jiko lenyewe lilikuwa limesogezwa kwake, na mpaka leo hatujui nani alilisogeza.

Mnaomjua mnajua kazi yake na mbao iliyobonyea. Kitambaa kibichi juu ya shimo, pasi ya moto juu ya kitambaa, mvuke unapanda, na mbao inajaa tena. Pasi hiyo ni mali ya karakana, lakini imenyoosha pia blauzi zote alizovaa kwenye harusi za watoto wetu, na ndiyo maana blauzi hizo zilinukia mafuta ya kitani. Bibi harusi mmoja alilalamika kwamba kanisani kulikuwa na harufu ya kabati la bunduki. Menga akamjibu, “Mwanangu, umeolewa na mwindaji. Hiyo harufu utaisahau? Anza kuizoea.”

Kwenye karata ni mwizi. Naliandika hili ili libaki.

Kadiri miaka ilivyopita, kazi yake ilikua ikawa mbili. Mteja alipoleta bunduki ya babu yake, Menga hakuitengeneza tu, aliitafutia pia historia yake: ilitoka kwa fundi gani, ilijaribiwa mwaka gani, imepita mikono ya nani. Alisoma mihuri iliyofichika chini ya mitutu, ile ambayo mwenye bunduki haioni mpaka tuifungue. Alipanda vijiji vya juu kuuliza wazee, akinywa kahawa ambazo daktari wake alikwisha kumkataza. Familia nyingi hapa zina karatasi moja ya Menga ndani ya fremu, karibu na picha ya ubatizo. Hizo ndizo sifa zake, na Mkurugenzi wetu, bwana Dario, aliniomba niishie hapo niende kwenye shukrani.

Siishii hapo, kwa sababu Menga mwenyewe amekataa. Aliniambia nikiandika sifa peke yake hatakuja kula. Na nyama ilikuwa imekwisha kununuliwa.

Mwaka 1991 bwana mmoja mwenye kiwanda cha mabomba, Ottorino, alinunua zizi bovu kule juu, akitaka kulifanya nyumba ya kupumzikia. Mafundi wake walipobomoa ukuta walikuta tundu limezibwa kwa mawe, na ndani yake bunduki ya marisawa ya mitutu miwili, yenye nyundo za nje, imeviringishwa kitambaa cha nta. Kila mtu hapa analijua zizi hilo. Ndimo walimolala wapiganaji wa milimani majira ya baridi ya mwaka 1944, na ndimo walimoshambuliwa alfajiri na askari wa Kijerumani. Majina manne yamechongwa kwenye jiwe lililo kando ya kanisa la kijiji cha juu. Wazee walisema siku zote kwamba mle ndani walikuwa watano, lakini miili iliyopatikana kwenye theluji ilikuwa minne, na jiwe likafuata miili.

Ottorino hakuwa na habari na hayo. Alitaka bunduki ya kutundika juu ya moto, na ikiwezekana ya kutokea nayo kuwinda kware. Aliiweka juu ya benchi la Menga akasema, “Fundi, nataka ing'ae. Nataka wageni wangu waone wivu.”

Kwa ajili ya wake na wajukuu watakaosoma ukurasa huu, naeleza jambo moja. Kitako cha bunduki nzuri hakinyooki sambamba na mitutu. Hupindwa kidogo sana kuelekea kulia, ili mtu wa mkono wa kulia akikiweka begani jicho lake lifike penyewe juu ya mitutu. Kwa mtu wa shoto hupindwa kushoto. Kitako cha bunduki ile kilikuwa kimepinda kushoto, na upande wa kulia, pale ambapo shavu la mtu wa shoto lingegusa, mbao ilikuwa na doa jeusi kama la chai.

Sisi sote tuliona. Gervasio alikishika kitako kwenye mwanga wa dirisha akatikisa kichwa. “Ukuta umekila hiki. Unyevu wa miaka yote hiyo! Hata mimi mngenizibia ukutani ningepinda.”

Menga akasema, “Wewe umepinda bila ukuta, mzee.”

Tukacheka. Hakuna aliyefikiria shoto, na sababu yake ni ya hapa kwetu. Katika kizazi kile watu wa shoto hawakuwako. Walizaliwa, bila shaka, lakini walipofika shule masista waliwafunga mkono wa kushoto kwa utepe mpaka wa kulia ukajifunza. Kila bunduki ya zamani tuliyowahi kufungua ilikuwa ya mtu wa kulia. Kwa hiyo kitako kilichopinda kushoto, kwa macho yetu sisi mafundi, kilikuwa kitako kilichoharibika.

Menga alikishughulikia haswa. Alifunga kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kwenye shingo ya kitako, akakipasha moto polepole, akakibana kwenye jiliwa na kukivuta kidogo kidogo siku baada ya siku, mpaka kikarudi katikati, kisha kikaegemea kulia kama Ottorino alivyopenda. Mbao kavu ya mti wa jozi hupasuka ukiiharakisha. Ile haikupasuka hata unywele. Doa aliliondoa kwa msasa, akapaka mafuta, akapaka tena, mpaka mshipa wa mbao ukatokea. Gervasio, ambaye sifa zake zilikuwa haba kuliko mvua ya Agosti, alimmiminia glasi ya mvinyo mbele yetu. Nasema kweli, sijaona kitako kikinyooshwa vizuri vile kabla wala baada.

Hatukupima chochote kabla ya kuanza. Hatukupiga picha. Nani hupima kitu anachokwenda kukirekebisha?

Ikapita miaka kumi na minane. Ottorino alifariki, na mjane wake akaleta bunduki akitaka kujua historia yake kabla ya kuitoa nyumbani. Menga alifurahi kama mtoto. Mihuri ilimwambia kwamba mitutu ilijaribiwa kabla ya vita vya kwanza. Kitako kilikuwa kipya zaidi, na hakikuwa cha kiwandani: mikato yake ya kushikia mkono iliishia kwa pembe ya mraba, na mama yake Menga alikuwa akisema kwamba pembe zile zilikuwa za mtu mmoja tu, mchonga vitako aitwaye Bortolo Pedretti.

Jina la Bortolo lilijulikana, lakini si kwa uzuri. Alitoweka majira yale ya baridi ya 1944 akiacha mke mjamzito. Kijiji kiliamua kwamba alikimbilia Uswisi. Binti yake Agnese alizaliwa mwezi wa Machi akiwa binti wa mtoro, akasoma akiwa binti wa mtoro, na alipochumbiwa, mama mkwe aliuliza mbele za watu kama damu ya kukimbia hurithiwa.

Menga alinitaka twende naye kwa Agnese, kwa kuwa mke wangu ni wa kijiji kile. Tulimkuta akimenya viazi. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye ulimi. Menga akamweleza habari za pembe za mraba, kwa furaha ile aliyokuwa nayo akigundua jambo, na Agnese akaendelea kumenya.

“Baba alichonga vitako vya nusu ya bonde hili,” akasema. “Kuwa yeye alikichonga hakunisaidii kitu, dada. Mimi nataka kujua kilikuwa cha nani.”

“Ndiyo nimekuja kuuliza. Je, bunduki yake mwenyewe ilikuwa na alama yoyote? Jina, herufi, mkwaruzo?”

“Alama ya nini? Baba alikuwa shoto. Masista walimfunga mkono mpaka akaandika kwa kulia, lakini bunduki alilenga kwa kushoto, na kitako alijichongea mwenyewe kwa sababu hakuna ambaye angemchongea. Mama alisema ndicho kitako pekee cha namna hiyo bonde zima, walikuwa wakimtania nacho.” Kisha akaweka kisu chini. “Hicho chenu kimepinda wapi?”

Nimefanya kazi na Menga miaka yote hii, nimemwona akikata kidole kwa patasi na kukifunga bila kuacha kuongea. Siku ile alichukua kiazi akakigeuzageuza. Mimi nilitazama viazi.

“Sasa kimepinda kulia,” akasema hatimaye. “Kilipokuja kilikuwa kimepinda kushoto. Nilikinyoosha mimi.”

Agnese hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. Alimtazama Menga akasema, “Masista walimnyoosha mkono, ninyi mkamnyoosha bunduki. Maskini baba, hamkumwachia hata kimoja.” Halafu akatutilia kahawa, kwa sababu hapa kwetu mgeni hatoki mkavu hata akiwa amekuvunjia nyumba.

Walikwenda pamoja, Menga na Agnese, mbele ya kamati inayotunza lile jiwe la kanisani, kuomba jina la tano, la Bortolo. Mimi nilikwenda kama shahidi. Kamati ni watu wema, na mwenyekiti wake ni binamu yangu wa mbali, hivyo sitawasema vibaya. Walisikiliza. Waliuliza kama kuna picha ya kitako kabla hakijanyooshwa, wakauliza kama kuna kipimo. Wakaniuliza mimi nilikumbuka nini, nikawaambia. Wakakipokezana kitako wakikilenga dirishani mmoja mmoja, na kila mmoja kilimkaa begani pa kulia sawasawa, maana Menga alikuwa amekifanya vizuri.

“Menga, sisi tunakuamini,” mwenyekiti akasema. “Lakini bunduki yenyewe inasema jambo jingine. Tukichonga jina kwa maneno ya mtu, kesho watakuja kumi na maneno yao.”

Baada ya hapo rafiki mmoja, kwenye baa, alimpa ushauri wa kijinga kwa nia nzuri: akipinde tena kushoto, kazi ya wiki moja, nani atajua? Menga hata hakukasirika. Alisema, “Nikikipinda tena kitakuwa kimepindwa na mimi. Alichokipinda yeye nimekwisha kukiondoa.” Maji yakimwagika hayazoleki, na hakuna anayelijua hilo kuliko fundi wa mbao.

Alitafuta miaka kumi na mitano. Aliifungua bunduki ile mpaka skrubu zake zikamzoea, akitafuta popote ambapo mkono wa kushoto ungeacha alama: kwenye vifyatulio, kwenye ncha za nyundo, kwenye chuma cha chini. Kutu ya ukutani ilikuwa imekula alama zote za chuma. Alitafuta watu walioiona bunduki ya Bortolo, akakuta makaburi yao. Alimpata mzee mmoja kwenye nyumba ya wazee aliyemkumbuka Bortolo vizuri sana, akilenga kwa kushoto, ila mzee huyo alimkumbuka pia Menga akiwa mke wake.

Majuto ni mjukuu, wanasema, na wa Menga alikaa naye benchini kila siku. Hapo ndipo ilipotoka ile sheria yake ambayo vijana wa karakana wanaisonya: kitako kikija kwetu hakiguswi na moto wala msasa mpaka kimepimwa kila upande, kimepigwa picha, na wawili wamekaa wakajiuliza kwa sauti kama huo ubovu ni ubovu kweli. Wateja wanalalamika tunachelewa, na ni kweli tunachelewa. Mwaka juzi alimzuia kijana wetu kujaza mikwaruzo kwenye kitako kimoja, wakakorofishana hata wakanuniana, na baadaye mwenye bunduki alikuja akalia, kwa sababu mikwaruzo ile ilikuwa ya meno ya mbwa wa mwanawe aliyefariki. Menga hakusema “niliwaambia.” Alirudi benchini na kuvuta pua, na sisi tukajifanya ni mafua.

Yeye na Agnese walikuwa marafiki, ikiwa ndivyo inavyoitwa. Kila Alhamisi Menga alipanda kijiji cha juu na jibini chini ya kwapa, wakacheza karata, wakaibiana. Sijui walizungumza nini. Februari ya mwaka huu, Agnese alipozidiwa, Menga alinipigia simu nimpeleke kwa gari. Nilisimama mlangoni mwa chumba nikamsikia akiomba msamaha, kwa mara ya ngapi sijui.

Agnese akamkatisha. “Acha, wewe. Mimi nilikuamini siku ile ile ya viazi. Tangu siku ile nimelala nikiwa binti wa mtu aliyebaki. Tatizo ni kwamba aliyejua ni mimi peke yangu.”

Alizikwa siku tatu baadaye, na Padri, akisoma maisha yake, alipofika kwa baba aliruka. Hakuwa na ubaya. Hakujua aseme nini. Menga alikuwa amekaa mbele yangu, nikaona mabega yake yakishuka. Nimesikitika mara nyingi katika maisha yangu, lakini kwa aibu ya aina ile, katika kanisa lililojaa, sijawahi.

Sasa yahusuyo zawadi. Tulichanga, kama ilivyo desturi, na tukamuuliza anataka nini: saa, safari ya baharini, kiti cha kupumzikia. Menga alisema anataka maneno yake machache yachapwe katika ratiba hii, kwa sababu ratiba ya Mtakatifu Barbara huingia kila nyumba ya bonde, na kwa sababu hapa watu husoma ratiba ya chakula kwa makini kuliko Injili. Bwana Dario hakupenda. “Gaudenzio,” akaniambia, “hii ni karamu, siyo mahakama. Tunaishi kwa jina letu. Nani atatuletea bunduki ya babu yake akisoma kwamba tuliharibu ya mwingine?” Alifuta sehemu hiyo kwa kalamu nyekundu. Nikampelekea tena. Akafuta tena. Mara ya tatu aliisoma yote, tangu juu, akaifunika kalamu yake, akanirudishia karatasi bila kufuta neno. Namshukuru mbele yenu, maana alikuwa na sababu zake na hakuzifuata.

Haya ndiyo maneno ya Menga, kama alivyonipa:

“Kitako cha bunduki iliyotoka katika ukuta wa zizi kilipindwa kushoto, na shavu la mtu wa shoto liliacha doa upande wa kulia. Nilidhani ni ubovu, nikakinyoosha, nikaondoa doa. Domenica Cotelli, mchonga vitako.”

Asante, Menga, kwa mikono yako, kwa soksi zako mbili mbili, kwa uvumilivu wako na sisi wanaume wa mitambo. Asante kwa kila bunduki uliyoiambia familia yake habari zake. Benchi lako hatutampa mtu mwaka huu, na hili nimeshaliamua bila kumuuliza yeyote. Tunakutakia siku ndefu, afya, kahawa ambazo daktari hatazijua, na watu wa kuwaibia karata.

Na kwa kuwa mkurugenzi ameishiwa wino mwekundu, naongeza sentensi moja ya kwangu mimi, niliyekiona kitako kile kwa macho yangu dirishani mwaka 1991, ili isomwe leo mezani katika kila nyumba, pamoja na nyumba zile zilizo kando ya kanisa la kijiji cha juu. Bortolo Pedretti hakukimbia.

Gaudenzio Bonsi, benchi la mitambo